Kupungua Kwanza au Kutibiwa Kwanza?
Uzito wa mama na safari ya kutafuta mtoto

Dada aliyekaa katika ndoa miaka mitatu au minne bila kupata mtoto huwa amekwisha kusikia mengi. Ameyasikia ya mama mkwe, ya mawifi na ya majirani, na hata ya waumini wenzake wanaomtazama tumboni kila Jumapili baada ya ibada. Akinenepa kidogo anaulizwa kama "kuna kitu". Ikionekana hakuna kitu, anaambiwa kuwa ni mafuta yameziba kizazi. Hatimaye akijikaza kwenda hospitali, anapandishwa kwenye mizani, daktari anaandika mistari miwili kwenye cheti, kisha anamwambia: nenda kapunguze kilo ishirini, halafu urudi.

Anatoka pale akiwa hana la kushika. Apunguze kwa njia gani? Kwa muda gani? Na ikiwa ana miaka 37, je, huo mwaka mmoja au miwili ya kupambana na kilo hautamgharimu zaidi ya uzito wenyewe? Haya ni maswali ya haki, na akina mama wengi wameona aibu kuyauliza. Hebu tuyatazame kwa utulivu, maana katika miaka hii ya karibuni yamefanyiwa uchunguzi mzuri, na majibu yake si yale ambayo wengi wetu tungetegemea.

Mafuta hayazibi kizazi

Kwanza tuiondoe dhana hiyo ya kuziba. Mafuta ya mwilini hayaingii ndani ya mji wa mimba wala kwenye mirija ya uzazi yakakaa humo kama uchafu kwenye bomba. Mirija ikiziba, mara nyingi sababu ni makovu ya maambukizo ya zamani. Uzito hufanya kazi yake kwa njia nyingine, ya kimyakimya, kupitia homoni.

Mama anapokuwa na mafuta mengi, hasa ya tumboni, mwili huanza kuwa mgumu kuitikia insulini, ile homoni inayosaidia sukari kuingia kwenye misuli. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Insulini hiyo iliyozidi huzichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na mayai huanza kukua lakini hayafiki mwisho. Yai lisipopevuka na kutoka, hakuna cha kutungishwa, hata kama bwana yuko nyumbani kila siku na mbegu zake ni nzima.

Dalili zake unaweza kuziona mwenyewe. Hedhi inachelewa, inakuja baada ya siku 40 au 60, au inakatika miezi mitatu kisha inarudi kwa nguvu. Ndevu chache zinaota kidevuni, chunusi haziishi ingawa ujana umepita, na pengine ngozi ya shingo na makwapa inakuwa nyeusi na nzito kama ambayo haikusuguliwa vizuri. (Wapo akina mama waliosugua shingo kwa dodoki hadi ikachubuka, kumbe ni insulini!) Dalili hizi zikikaa pamoja, daktari hufikiria hali inayoitwa kwa kifupi PCOS, yaani ovari kuwa na vifuko vidogo vingi vya mayai ambayo hayakukomaa. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba hali hiyo inawapata wanawake kati ya 8 na 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kama wanayo. Wembamba nao huipata, lakini uzito huikoleza.

Mama mnene ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28 au 30 bila kukosa, kwa kawaida mayai yake yanatoka. Huyo asihukumiwe kwa kumtazama umbo tu. Huenda shida yake iko mahali pengine kabisa.

Mahali pengine

Katika Afrika jambo hili lina uzito wake. Uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi 25, ambao matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 1985, ulionyesha kwamba wanawake wa Afrika walikuwa na mirija iliyoharibiwa na maambukizo kuliko wanawake wa sehemu nyingine zote. Kisonono, klamidia, uchafu ulioingia wakati wa kujifungua au mimba ilipoharibika: haya ndiyo yaliyoacha makovu. Kwa mama wa namna hii, hata apungue kilo 30, mirija haitafunguka. Anahitaji picha ya mirija mapema, si mwaka mmoja wa kula mchicha peke yake.

Kisha yupo bwana. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo karibu vyote anavyofanyiwa mwanamke, hakina sindano wala kisu. Hata hivyo kuna wanawake waliomeza vidonge miaka miwili kabla mume hajakubali kupimwa. Uzito wa baba nao hupunguza nguvu ya mbegu, pamoja na sigara na pombe. Kwa hiyo daktari akiwaambia mpunguze, mpunguze wote wawili. Si haki mama ale ndizi za kuchemsha huku baba anasogezewa chipsi na kuku wa kukaanga kwenye meza ileile.

Kilo chache tu

Unene umeongezeka kwetu kwa haraka. Takwimu za afya za Kenya zilionyesha wanawake 25 katika kila 100 wakiwa na uzito uliozidi mwaka 2008-09, na ilipofika 2014 walikuwa 33. Tanzania walikuwa 22 katika kila 100 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015-16. Tunafanya kazi za kukaa, tunapanda pikipiki kwa safari ambayo mama zetu waliitembea, na mafuta ya kupikia ni rahisi kupatikana kuliko zamani. Tena tumelelewa kuamini kwamba mke aliyenenepa ni mke anayetunzwa vizuri, na akikonda, watu husema mume ni mkorofi.

Madaktari hupima unene kwa kuchukua kilo zako na kuzigawa kwa urefu wako kwa mita, mara mbili. Tuchukue mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 86. Gawa 86 kwa 1.60, kisha jibu uligawe tena kwa 1.60, utapata kama 33.6. Kati ya 18.5 na 25 ndiyo huhesabiwa kuwa sawa, 25 hadi 30 umezidi, na kuanzia 30 ni unene wenyewe.

Ili arudi kwenye 25, mama huyu angelazimika kupunguza zaidi ya kilo 20. Akisikia hivyo hukata tamaa kabla hajaanza. Lakini kwa mwanamke ambaye mayai hayatoki, mabadiliko huanza mapema zaidi, pengine akipunguza sehemu 5 hadi 10 tu katika kila 100 za uzito wake. Kwa mama wetu huyu hizo ni kilo 4 hadi 9. Atabaki mnene machoni pa watu, mawifi hawataona tofauti, lakini ndani homoni zitakuwa zimeanza kutulia.

Hili lilionekana vizuri huko Adelaide, Australia, miaka ya 1990. Madaktari waliwakusanya wanawake wanene ambao mayai yao hayakuwa yakitoka, wakawa wanakutana kwa vikundi kila wiki kwa miezi sita, wakifanya mazoezi pamoja na kujifunza kula vizuri, bila kushinda njaa. Matokeo ya mwaka 1998 yalikuwa ya kushangaza: kati ya wanawake 67 waliomaliza, 60 walianza kutoa mayai tena, 52 walishika mimba, na 45 walijifungua watoto hai. Wengine walikuwa wamehangaika na matibabu kwa miaka. Habari hiyo ilienea ulimwenguni, na nadhani ndiyo iliyowapa madaktari wengi ujasiri wa kusema: kapungue kwanza, halafu urudi.

Je, kusubiri kunasaidia?

Kasoro ya uchunguzi wa Adelaide ilikuwa moja. Waliomaliza walilinganishwa na waliojiondoa njiani, na anayejiondoa huenda ana matatizo mengine mengi. Ilibidi jambo lipimwe kwa kura.

Waholanzi walifanya hivyo. Walichukua wanawake 577 wenye unene waliokuwa wakitafuta mtoto, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa kwanza miezi sita ya kubadili chakula na mwenendo, ndipo wakatibiwa. Nusu ya pili walianza matibabu mara moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Waliopunguza kwanza walipoteza wastani wa kilo 4.4. Lakini walipohesabiwa waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mwenye afya, miezi yake ikiwa imetimia, katika muda wa miaka miwili, waliosubiri walikuwa 27 katika kila 100, na walioanza matibabu mara moja walikuwa 35. Kusubiri hakukuwaongezea watoto!

Wenzao wa Sweden nao waliwachunguza wanawake 317 waliokuwa wakingojea mimba ya kutungishwa maabara. Nusu yao walilishwa chakula chepesi sana kwa wiki 12, wakapungua zaidi ya kilo 9. Mwisho wa yote, mwaka 2017, waliopata watoto walikuwa karibu sawa pande zote mbili: 30 na 28 katika kila 100.

Msomaji atauliza, basi kupungua ni kazi bure? La hasha. Katika chunguzi zote mbili, waliobadili mwenendo walishika mimba wenyewe, bila dawa, mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kule Uholanzi walikuwa 26 katika kila 100 wakilinganishwa na 16. Kwa mwanamke wa huku ambaye mzunguko mmoja wa kutungisha mimba maabara unaweza kumla akiba ya miaka na shamba juu yake, mimba inayokuja bila malipo si jambo dogo. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006, miaka 28 baada ya Louise Brown kuzaliwa Uingereza, lakini mpaka leo huduma hiyo kwa sehemu kubwa iko kwenye kliniki za kulipia.

Tena unene huifuata mimba yenyewe. Mimba huharibika mara nyingi zaidi, kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu huongezeka, na upasuaji pia. Mama anayepungua anajitayarisha kubeba, si kushika mimba tu.

Ninaloliona mimi katika takwimu hizi ni kwamba umri ndio unaoamua. Dada wa miaka 27 ambaye shida yake ni mayai kutotoka ana nafasi ya kujaribu miezi sita ya kubadili maisha, akiwa na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Dada wa miaka 38 hana miezi hiyo. Baada ya 35 mayai hupungua kwa idadi na kwa ubora, na hakuna chakula kinachoyarudisha. Huyo aanze vipimo na matibabu sasa, na kupungua kuende sambamba. Akiambiwa "rudi ukikonda", anayo haki ya kumwuliza daktari kwa heshima: nikisubiri mwaka, nafasi yangu itakuwa kubwa au ndogo kuliko leo?

Zipo nchi zilizoweka mpaka. New Zealand, kwa mfano, haitoi matibabu ya kutungisha mimba kwa fedha za serikali ikiwa kipimo cha unene cha mwanamke kimezidi 32, na sehemu nyingi za Uingereza zimeweka 30. Madaktari wenyewe wanabishana kama ni haki.

Vidonge navyo vinafanya kazi kwa wanene. Mwaka 2014 Wamarekani walilinganisha dawa mbili za kupevusha mayai kwa wanawake 750 wenye PCOS. Waliopewa letrozoli, 27.5 katika kila 100 walijifungua; waliopewa klomifeni, dawa ya siku nyingi, ni 19.1. Na wanawake hao hawakuwa wembamba, kwani wastani wa kipimo chao cha unene ulikuwa 35. (Ukipewa letrozoli na ukasoma kwenye karatasi yake kwamba ni dawa ya saratani ya matiti, usiitupe kwa hofu. Ndiyo kazi iliyotengenezewa kwanza, ikagunduliwa baadaye kwamba inasaidia mayai.) Metformini, ile ya wenye kisukari, hutolewa pia kuituliza insulini. Inaweza kuleta kichefuchefu na kuharisha mwanzoni, kwa hiyo imezwe pamoja na chakula.

Jikoni

Sasa tuje nyumbani. Sina orodha ya vyakula vya ajabu, wala huhitaji kununua parachichi za bei mbaya au unga wenye picha ya msichana mwembamba.

Anza na unachokunywa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Mama anayekunywa chai vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, amekula vijiko 12 kabla hajagusa chakula. Kupunguza hapo hakuumizi tumbo, kunaumiza ulimi kwa wiki mbili tu. Kisha mafuta: kijiko kimoja kikubwa kina nguvu ya kalori kama 120, na sisi hatupimi kwa kijiko, tunamimina. Mchicha uliokaangwa kwa vijiko vitano vya mafuta na tui zito juu yake haupunguzi mtu. Pima kwa kijiko, na kile cha kuchovya kwenye karai, yaani maandazi, sambusa, chipsi mayai, kiwe cha sikukuu.

Ugali usiufukuze. Badili sembe kwa dona ukiweza, na badala ya kilima cha ugali na mboga pembeni, geuza sahani: nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa, samaki au kuku. Maharage, kunde na choroko hushibisha muda mrefu na hayapandishi insulini kwa kishindo. Mabaki ya watoto usiyamalize kwa kuogopa kutupa. Wengi wetu tunanenepea pale kwenye sufuria baada ya watu wote kuondoka mezani.

Kutembea nako ni dawa. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, mwendo wa kutoa jasho lakini ukiwa unaweza kuongea. Mazoezi huifanya misuli iitikie insulini hata kama mizani haijasogea, na hilo peke yake ni faida. Wale wa Adelaide hawakufaulu kila mtu na lwake. Walikuwa kikundi. Akina mama wa jumuiya au wa kwaya wanaweza kutembea pamoja jioni bila gharama yoyote, na hakuna atakayejua nani anatafuta mtoto na nani anatafuta afya.

Kufunga kwa maombi ni ibada, usikugeuze kuwa mbinu ya kukonda. Anayetumia dawa za sukari amwambie daktari wake kabla ya kufunga.

Vya kuogopa

Chai za kukondesha zinazouzwa mitaani na kwenye simu nyingi ni majani ya kuharisha. Unapoteza maji, si mafuta. Nyingine zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo.

Sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutidi, ni dawa halali na zinapunguza kweli. Lakini hazitakiwi wakati wa mimba. Semaglutidi iachwe angalau miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Mama aliyekuwa hapati hedhi anaweza kushika mimba ghafla anapopungua, kabla hajajua, kwa hiyo asizitumie bila kupanga na daktari. Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula nao hushauriwa wangoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.

Tusiwasahau waliokonda kupita kiasi. Mwili ulio chini ya 18.5 huona kama kuna njaa nchini, nao hufunga mlango wa uzazi. Dada anayeruka milo na kukimbia kila alfajiri mpaka hedhi ikakatika, dawa yake ni kula na kupumzika.

Mezani pa wengine

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana alikuwa akichokozwa mwaka baada ya mwaka na mke mwenzake, hata akawa halii chakula chake ila machozi tu. Wapo pia wanaofanya kinyume chake: wanakula kwa sababu ya uchungu. Mkate uliopakwa siagi saa nne za usiku, baada ya simu ya mama mkwe, si ulafi. Mume mwenye busara atailinda meza yake kwa kuyajibu yeye mwenyewe maswali ya ukoo, na kwa kutembea naye ile nusu saa.

Siku ya kliniki nendeni wawili. Beba tarehe za hedhi zako za miezi sita, hata kama umeziandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Uliza kama mayai yanatoka, kama mirija imetazamwa, kama mbegu za bwana zimepimwa, sukari na shinikizo la damu zikoje, na utarudi lini. Kabla hujaondoka, ulizia vidonge vya asidi ya foliki. Kwa kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Mama mnene anaweza kuhitaji vyenye nguvu zaidi, na hivyo huandikwa na daktari.